Sola ya Shule Huanza na Kengele

Nikiitwa shuleni kupima mahali pa kuweka sola, upande wa paa ninaoutazama kwanza ni ule unaoelekea mashariki. Walimu wakuu hushangaa. Wengi wanajua kwamba Kenya iko kwenye ikweta na jua hupita utosini, kwa hiyo wanaona upande wowote ni sawa. Kwa Lodwar au Garissa ningekubali. Kwa Kericho na Bomet, huku kwetu kwenye majani chai, nakataa. Ukungu huondoka mabondeni mapema, na kufikia saa tatu asubuhi jua limewaka sawasawa. Ikifika saa nane au saa tisa mawingu yamejaa, na watoto wa shule za kutwa hukutwa na mvua njiani wakirudi nyumbani. Chanzo chake ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuja bara, hukutana na ule wa mashariki, ukapanda juu ya milima yetu, ukapoa na kumwaga maji. Ndiyo sababu chai inastawi hapa, na ndiyo sababu paneli iliyoelekea mashariki huvuna zaidi ya ile iliyoelekea Kisumu. Wazee wa Kipsigis walikuwa wakiomba wakielekea mawio. Fundi wa sola wa Kericho naye hana budi kuelekea hukohuko.

Mimi ni mzaliwa wa Bureti, mama yangu alichuma chai, nami napanda mapaa. Nina leseni ya T3, daraja ambalo kanuni za sola za mwaka 2012 zinalitaka kwa mitambo mikubwa na ile inayounganishwa na gridi. Sasa leseni hizo ziko chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Nimefanya kazi kwenye zahanati, makanisa, maduka na nyumba za wakulima. Shule za umma ndizo ngumu kuliko zote, na ugumu wake hauko kwenye jua.

Maneno ya kwamba Kericho hakuna jua nayasikia hata kwa watu wanaoanika mahindi uani. Kilowati moja ya paneli, yaani paneli mbili za kisasa na ushei, hutoa huku wastani wa yuniti 4 hivi kwa siku, ukijumlisha siku nzuri na mbaya. Yuniti hiyo ni ileile unayonunua kwa tokeni. Kwa mwaka zinapita 1,400. Uingereza kilowati hiyohiyo hutoa kama 950, na bado mwaka 2025 serikali yao ilitangaza mpango wa kuweka sola kwenye shule zipatazo 200 na hospitali za umma. Baridi yetu nayo ni faida ambayo watu hawaihesabu. Paneli hula mwanga, si joto. Nguvu yake hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo huipunguzia asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu hiyo. Adhuhuri ya Lodwar paneli huweza kupita nyuzi 60. Kericho, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo unaipoza bila malipo.

Kinachostahili hofu ni mvua ya mawe. Mkulima wa chai haitaji kwa sauti ya kawaida, kwa sababu robo saa tu ya mawe huchana majani ya wiki kadhaa. Paneli zinazofuata viwango vya kimataifa hujaribiwa kwa kupigwa na vipande vya barafu vyenye kipenyo cha milimita 25, kwa kasi inayopita kilomita 80 kwa saa. Mawe yetu mara nyingi ni ya ukubwa wa punje ya mahindi au njegere. Nimeona mabati mepesi yamejaa vishimo, chai yote imechanika, na paneli kando yake haina hata mkwaruzo. Nazungumzia paneli zenye nembo ya majaribio hayo. Zile za bei ya kutupa, ambazo kioo chake hakuna ajuaye kimetoka wapi, siziwekei mkono wangu.

Chini ya mabati kuna kenchi, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Madarasa mengi ya huku yalijengwa kwa harambee, wazazi wakileta mbao zao wenyewe, nyingi za mikaratusi iliyokatwa juzi ikapigiliwa leo. Mvua imevuja kwenye tundu za misumari kwa miaka, mchwa nao wamepita. Paneli kubwa moja ina uzito wa kilo 22 hadi 25 na kenchi nzima huibeba bila shida. Tatizo ni upepo wa kabla ya mvua, unaoingia chini ya paneli na kutaka kuiinua pamoja na mabati yake. Kwa hiyo nachoma mbao kwa bisibisi kabla sijafungua daftari la hesabu. Bisibisi ikizama, tunazungumza habari ya kukarabati paa, na mara nyingi mazungumzo ya sola huishia hapo kwa mwaka huo.

Tuseme paa ni zima. Sasa ndipo kazi inapoanza.

Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya bweni upande wa Konoin alinipokea kwa chai na kuniambia, "Fundi, tuwekee sola ya shule nzima. Paa unaliona lilivyo kubwa."

"Nimeliona, Mwalimu. Nipe kwanza ratiba ya kengele."

Alidhani nafanya mzaha. Lakini ratiba ndiyo inayoonyesha stima inakwenda wapi. Kengele ya kuamka hulia saa kumi na nusu alfajiri. Taa za mabweni zinawaka, halafu za madarasa kwa masomo ya alfajiri, nje bado giza. Saa mbili asubuhi taa zote zimezimwa na madirisha yanatosha. Kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, paneli zinapotoa nguvu zake zote, shule inatumia kompyuta chache, mashine ya kuchapa mitihani na redio ya katibu. Jikoni ni kuni. Kisha jua linatua, na saa moja kengele ya prepu inalia: madarasa yote yanawaka kwa pamoja hadi karibu saa nne usiku. Baada ya hapo zinabaki taa za ulinzi mpaka asubuhi. Shule ya bweni hutumia stima pande zote mbili za giza, na sola hutoa katikati. Mtu akikuuzia paneli bila kukuambia hivyo, amekuuzia paa la kioo.

Nipige hesabu hadharani, maana hakuna siri ndani yake. Chukua shule ya wanafunzi 600 yenye madarasa 16, kila darasa likiwa na taa 6 ndefu za LED za wati 18. Zote zikiwaka ni kama wati 1,700, na kwa saa 5 za alfajiri na usiku ni karibu yuniti 9. Mabweni na taa za ulinzi huongeza yuniti 5. Usiku mzima, yuniti 14. Mchana, kompyuta 30 kwa saa 4 hula yuniti 7, ofisi 2, na pampu ya kisima ikifanya kazi asubuhi hula kama 9. Jumla ya siku nzima ni yuniti 32. Gawanya kwa 4: kilowati 8. Hizo ni paneli 18 za wati 450, na zinahitaji mita za mraba 40 hivi. Jengo la madarasa manne lina zaidi ya mita 100 kwa upande mmoja tu wa paa lake. Mahitaji yote ya shule, basi, yanakaa kwenye chini ya nusu ya upande mmoja wa jengo moja. Yule mwalimu alikuwa amekuja na wazo la kufunika majengo sita.

Gharama inayoumiza ni ya kuhifadhi zile yuniti 14 za usiku. Betri za zamani za asidi hazipendi kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, kwa hiyo kwa yuniti 14 unanunua za yuniti 28 na zaidi, na baada ya miaka mitatu hadi mitano unazizika. Betri za lithiamu za kisasa huruhusu kutumia sehemu kubwa ya kilichomo, hivyo za yuniti 18 zinatosha, na zikitunzwa hupita miaka kumi. Bei yake kwa ukubwa huo ni mamia ya maelfu ya shilingi. Ndiyo maana kabla ya kuuza betri naishauri shule ihamishe matumizi yaje mchana. Pampu isilie tena usiku. Ijaze matangi kati ya saa tatu na saa saba. Vishikwambi vichajiwe wakati wa mapumziko ya saa nne. Mitihani ichapwe asubuhi. Kila yuniti iliyohamishwa kutoka usiku kuja mchana haihitaji betri, na kuihamisha ni kazi ya mwalimu wa zamu na kalamu yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulipita kwa haraka. Shule nyingi za huku tayari zina nyaya za Kenya Power, na mtambo wa bei nafuu kwao ni ule unaoungana na gridi bila betri. Hupunguza bili vizuri. Lakini gridi ikizimika, nao huzimika hata kama jua linawaka, kwa sababu umetengenezwa hivyo ili usimuue fundi wa kampuni aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa. Kaunti zetu hupotelewa na stima kila mvua ikipiga matawi ya miti kwenye nyaya. Bodi ya shule iliyonunua mtambo wa namna hiyo ikitarajia kuepuka giza la prepu itashangaa sana. Anayetaka vyote viwili, bili ndogo na mwanga wakati wa giza, hununua inveta ya mseto na angalau betri ya taa za madarasa.

Watu hunijibu kwa mfano wa Changoi. Ni mfano mzuri. Mwaka 2014 kampuni ya Williamson Tea iliweka mtambo wa megawati 1 kwenye shamba lake la chai la Changoi, upande wa Bomet, na wakati huo ulikuwa miongoni mwa mitambo mikubwa ya sola katika Afrika Mashariki. Lakini kiwanda cha chai si shule. Feni za kunyausha majani huzunguka mchana kutwa, mashine za kusaga na kukausha zinafuata, na kila yuniti inayotoka kwenye paneli inaliwa papo hapo. Kiwanda hakina likizo ya Agosti. Tenwek nako, hospitali ina mtambo wa maji kwenye maporomoko ya mto Nyangores tangu 1987, na maji hayo yanatiririka usiku na mchana. Makampuni makubwa ya chai ya Kericho yalitumia mito kwa njia hiyohiyo. Kila mmoja alichagua nguvu inayolingana na saa zake za kazi.

Shule zina tatizo la saa, na juu yake zina tatizo la miezi. Jua letu zuri kuliko yote ni la Desemba na Januari, mbingu zikiwa wazi na chai ikipunguza majani. Shule hufungwa Novemba na kufunguliwa Januari. Ukijumlisha na likizo za Aprili na Agosti, paneli za shule hufanya kazi karibu robo ya mwaka kwa ajili ya askari wa lango na taa yake.

Hapa ndipo sheria imeanza kusaidia. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango wa mita ya njia mbili, inayopima stima inayoingia na ile inayotoka, na kanuni zake zikatoka 2024. Mtumiaji mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kupeleka ziada yake kwenye gridi na kupunguziwa bili. Hapewi pesa mkononi, na kila yuniti anayopeleka huhesabiwa nusu. Ni kama kuweka mahindi kwa jirani mwenye ghala, ukimpa magunia mawili akurudishie moja. Wakulima wenzangu hukunja uso wakisikia hivyo. Mimi naona gunia moja ni afadhali kuliko mahindi yaliyooza, na kwa shule iliyofungwa kuanzia Novemba, yuniti zisizo na wa kuzitumia ndizo hayo mahindi. Ila sishauri shule ijaze paa zima kwa kutegemea nusu hiyo. Hesabu hairudi upesi, na mkopo wake utamkuta mwalimu mkuu wa tatu baada ya huyu.

Kwa shule za Kenya, sola si jambo geni. Mwaka 1984, katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, Meru, wazo lilikuwa kununua jenereta. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, akawashawishi wajaribu paneli, na Mmarekani mwenzake, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa akiishi nchini, akazifunga. Mafundi wenyeji waliojifunza kwenye mapaa ya shule kama hiyo hawakurudi kukaa bure. Walianza kufungia sola wakulima wa kahawa na chai wa kandokando ya Mlima Kenya, waliokuwa na pesa za mazao na televisheni isiyo na stima. Kutoka hapo Kenya ikawa moja ya masoko makubwa ya sola za majumbani barani Afrika. Shule ndiyo iliyozaa biashara hii inayonilisha. Nikiona leo shule inamwita fundi afunge usiku ili wanafunzi wasimsumbue, najisikia vibaya. Kidato cha nne wanaosoma habari za mkondo wa umeme kwenye fizikia wangepaswa kuwa wanashika mita pamoja nami.

Wimbi la pili lilikuja na mradi wa vishikwambi. Serikali iliyoingia 2013 iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na ili ziwe na mahali pa kuchajiwa, shirika la kusambaza umeme vijijini likakimbiza nyaya hadi shule za msingi za umma, jumla yake zaidi ya elfu 22 nchini. Zile zilizokuwa mbali na nyaya zilipewa sola. Vifaa vyenyewe vilianza kugawiwa 2016. Ilikuwa kazi kubwa na sipendi watu wanaoidharau. Lakini shule ya msingi ya umma hupewa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na ndani yake kuna chaki, vitabu, ukarabati na stima. Betri ikifa mwaka wa nne, hakuna fungu linaloweza kuinunua. Nimefunguliwa vyumba vya betri ambavyo sasa vinahifadhi majembe na viti vilivyovunjika, paneli bado ziko juu ya paa, safi, zikitoa nguvu zisizokwenda popote. Sekondari zina nafuu kidogo: shilingi 22,244 kwa mwanafunzi, na ndani yake fungu la stima, maji na usafi. Bursa mwerevu anaweza kuonyesha bodi kwamba kila shilingi iliyopungua kwenye bili ni shilingi ya betri ijayo. Shida ni kwamba akiba ya aina hiyo haipendwi. Ikikaa kwenye akaunti mihula miwili, atapatikana mtu mwenye basi la shule la kutengenezwa.

Narok, jirani zetu, wamo katika kaunti 14 za mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yaliyo mbali na gridi. Kericho na Bomet hazimo, kwa sababu tunahesabiwa kuwa na nyaya, na ni kweli tunazo. Kwa hiyo hapa shule hujitegemea: bodi, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na wazazi. Wazazi wengi ni wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek au Kapset, na wanachanga kulingana na bonasi. Bonasi ikiwa mbaya, hata mwalimu mkuu hathubutu kutaja sola mkutanoni.

Ile shule ya Konoin iliitisha mkutano wa bodi, nami nikaalikwa kueleza hesabu. Mwenyekiti, mzee mwenye ekari kadhaa za chai, bado alitaka majengo sita. Aliuliza kwa nini tupande robo ya shamba. Mama mmoja mjumbe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Fundi, na Desemba, watoto wakiwa nyumbani, hiyo stima itakuwa ya nani?" Swali hilo lilimaliza mambo ya majengo sita. Tulibishana juu ya mita ya njia mbili kwa karibu saa nzima, mhasibu wa kiwanda aliyekuwa mjumbe akipiga hesabu yake kwenye simu. Mwisho wakaamua kilowati 8 upande wa mashariki wa jengo la kidato cha tatu, pampu iwe ya mchana, betri ya lithiamu kwa taa za madarasa na mabweni, na nyaya nene za kuruhusu kuongeza paneli baadaye. Ombi la mita lisubiri bonasi ya Oktoba.

Nikawaomba mambo mawili yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. La kwanza, funguo za chumba cha betri ziwe mbili, moja ya mwalimu wa fizikia na nyingine ya askari wa usiku, na namba za kwenye inveta ziandikwe daftarini kila jioni kabla ya prepu. La pili, kiasi fulani kila muhula kiwekwe kwa betri ya miaka kumi ijayo, katika akaunti ambayo haiwezi kutolewa pesa bila saini ya mjumbe wa wazazi. La kwanza lilipita bila neno. La pili lilipigiwa kura, likapita kwa tofauti ya kura moja, na aliyeniangalia kwa jicho kali kuliko wote alikuwa dereva wa basi.